Utafiti wa Mifupa ya Wazee Wetu Wasomwa Barazani

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2023, kumi la pili limeanza kuingia. Tumetoka kuswali tarawehe, tumekaa barazani kwetu Mji wa Kale wa Mombasa, kahawa na kashata mbele yetu, na kijana mmoja akatoa simu akatusomea ujumbe aliopelekewa. Ulikuwa mfupi. Wataalamu wa Marekani wamepima mifupa ya Waswahili wa kale na wamethibitisha kwamba Waswahili ni Waajemi. Nahodha mmoja mstaafu, ambaye ukoo wao wajiita Washirazi tangu hapo, akapiga paja lake akasema, "Sikuwambieni?"

Aliyeketi mkabala naye ni mshona kofia, rafiki yake tangu wakisoma chuo kimoja. Naye alikuwa na ujumbe wake, na huo ulisema kinyume: wataalamu wale wale wamethibitisha kwamba Waswahili ni Waafrika, na habari za Shirazi ni porojo za watu kujitukuza. Basi wazee wale wakatupiana maneno ambayo sitayaandika hapa, tena usiku wa Ramadhani. Wakaachana bila ya kupeana mkono. Idi ikaja ikapita, na ikawa akija huyu, yule keshaondoka.

Jambo lililoniuma mimi ni jingine. Usiku ule tulikuwa watu kumi na mmoja, na hapakuwa na hata mmoja aliyeyaona maandishi yenyewe. Mimi ninayekula kwa kalamu sikuyaona. Tulikuwa tukigombania barua ambayo hakuna kati yetu aliyeifungua.

Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kupelekwa skuli twajua kwamba habari ina adabu zake. Maalimu wetu hakuikubali habari mpaka umwambie umeisikia kwa nani, na huyo naye aliisikia kwa nani. Ukimwambia "watu wasema", alikutazama tu, kisha akakurudisha kwenye ubao wako. Ndivyo ilivyo elimu ya hadithi za Mtume, imesimama juu ya isnadi. Na kitabu alichokuwa nacho shekhe, mwanafunzi alikinakili kwa mkono wake, akamsomea shekhe nakala ile mwanzo hata mwisho, akasahihishwa, ndipo akapewa ijaza ya kuwasomesha wengine. Vitabu vya wakfu viliandikwa ukurasa wa mwanzo kwamba haviuzwi wala havirithiwi. Aliyetaka kusoma alikwenda akasoma.

Kwa hakika nilikuwa na kinyongo changu na watafiti, na yafaa nikitaje ili msomaji ajue nilikuwa na jicho gani nilipoyatafuta maandishi hayo. Nalikuwa kijana wa miaka kumi na saba alipofika nyumbani kwetu mwanafunzi wa chuo kikuu cha ng'ambo, na rekoda yake ya kanda. Bibi yangu alikuwa mjuzi wa nyimbo za vugo, na alizijua nasaba za mtaa mzima, tumbo kwa tumbo. Akamwimbia na kumhadithia siku tano. Kanda zilikuwa kumi na moja. Nazijua idadi yake kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa dukani kununua betri. Tulimlisha mgeni wetu, tukamvisha leso, akaahidi kuleta kitabu kitakapotoka. Bibi akafa akiuliza kama kimefika. Miaka ishirini na kitu baadaye nikakuta kitabu hicho kimetajwa katika kitabu kingine, na bei yake ikanishinda. Rafiki yangu aliye ng'ambo ndiye aliyekwenda maktaba akanipigia picha kurasa chache. Nyimbo zimo. Bibi mwenyewe ameitwa "mwanamke mzee wa Mombasa".

Kwa hivyo nilipomwendea binti wa dada yangu, anayesoma sayansi chuo kikuu, nilikwenda nimekwisha kukasirika. Nikamwambia, "Hebu niulizie, makala ile ya mifupa yauzwa kiasi gani?" Akatazama kwenye simu yake kidogo, akacheka. "Mjomba, hii yasomwa bure. Wameiacha wazi."

Yeye ndiye aliyenieleza mambo haya yaendavyo, na nimeyaona yafaa kuelezwa hapa, kwani wengi wetu twasikia tu "utafiti umeonyesha" na hatujui huo utafiti hupita njia gani mpaka ukafika redioni.

Mtafiti akimaliza kazi yake haendi kwa gazeti kama hili letu. Huandika makala akaipeleka kwa jarida la wataalamu wa fani yake. Mhariri wa jarida huwapa wajuzi wengine wawili au watatu, ambao hawakuwamo katika kazi ile, waipekue. Hao mara nyingi hawalipwi kitu. Huuliza: hesabu hii umeipataje? Mbona hukumtaja fulani aliyesema kinyume? Makala hurudishwa, hutengenezwa, pengine hukataliwa kabisa. Na mwisho wake mwandishi hutaja kazi zote alizozitegemea, moja baada ya moja. Nilipoiona orodha ile nilimkumbuka maalimu wangu. Ni isnadi yao. Mtindo wenyewe ni wa zamani: mwaka 1665 Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society ya London, alianza kupiga chapa jarida lililoitwa Philosophical Transactions, ili habari za wajuzi wa huku na huku zisibaki katika barua za watu wawili wawili. Jarida hilo lingali hai.

Ila baadaye biashara ikaingia. Makala nyingi zafungwa, na mtu asiye wa chuo kikuu akitaka kuisoma moja tu aweza kudaiwa dola thelathini au zaidi. Aliyeandika hapati hata senti katika fedha hizo, na wale wajuzi waliomsahihisha pia hawapati. Wapo waliochoka na mambo haya. Mwaka 1991 mtaalamu wa fizikia Paul Ginsparg alianzisha Marekani ghala la makala liitwalo arXiv, ambamo wana-fizikia na wana-hesabu huweka kazi zao zikasomwa na kila mtu bila malipo. Mwaka 2002 wataalamu waliokuwa wamekutana Budapest walitoa tangazo la kutaka elimu ya utafiti iwe wazi kwa wote. Nilipomsikia binti akiyaeleza haya nilimwambia, "Wamefika kwenye wakfu hao." Akanijibu kwamba wakfu huu nao una mwenye kulipa. Jarida la Nature, ambalo ndilo lililochapisha habari ya mifupa yetu, lilitangaza mwaka 2020 kwamba mwandishi atakaye makala yake iwe wazi atoe yuro 9,500. Kwa makala moja! Mlango wa msomaji umefunguliwa na wa mwandishi maskini ukafungwa. Mwaka 2023 wenye jarida walisema kwamba waandishi wa nchi za kipato cha chini watasamehewa, na hilo ni jema, lakini nadhani mtu haombi kusamehewa deni la kuingia nyumbani kwake.

Tuyaache hayo. Tukaipiga chapa makala kwenye duka la fotokopi, tukakaa nayo sebuleni kwa dada siku tatu baada ya Alasiri, yeye na sayansi yake, mimi na kamusi zangu. Ni Kiingereza cha mabingwa, na aya moja yaweza kukulaza na njaa. Kuna kamusi ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 1990 na wataalamu wa TUKI, kazi ya kushukuriwa sana, lakini elimu ya kusoma vinasaba vya mifupa ya kale imekua baada yake. Pengine tulijisaidia wenyewe. Kuna urithi ambao hutoka kwa mama tu ukaenda kwa watoto wote. Tukauita urithi wa mama. Kuna ambao hutoka kwa baba ukaenda kwa mwana mume tu. Tukauita urithi wa baba. Tulipokwama binti alichora.

Na makala yasemaje? Ilitoka tarehe 29 Machi 2023. Waandishi ni wengi, wakiongozwa na Esther Brielle na David Reich wa Harvard, pamoja na wachimbuzi wa mambo ya kale Jeffrey Fleisher, Stephanie Wynne-Jones na mwenzetu Mkenya Chapurukha Kusimba, ambaye ameishughulikia pwani hii miaka mingi. Walisoma vinasaba vya watu 80. Wengi walizikwa katika miji sita ya pwani baina ya mwaka 1250 na 1800: Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Wengine ni wa Makwasinyi, bara kidogo upande wa Taita, waliokufa baada ya mwaka 1650.

Katika wengi wa watu wa miji ya pwani, zaidi ya nusu ya urithi wao ni wa Kiafrika, na umetoka zaidi kwa kina mama. Sehemu kubwa iliyobaki, na kwa baadhi yao ni zaidi ya nusu, imetoka Asia. Katika sehemu hiyo ya Asia, 80 mpaka 90 kwa mia ni ya wanaume wa Uajemi, na kidogo ni ya Bara Hindi. Kuchanganyika huko kulianza kiasi cha mwaka 1000. Kabla ya mwaka 1500 damu ya ng'ambo ilikuwa ya Kiajemi hasa. Baada ya hapo ile ya Arabuni ikazidi na kuzidi.

Nilipofika hapo niliweka karatasi chini. Habari za Kilwa, ambazo Mreno João de Barros alizitia katika kitabu chake cha mwaka 1552, zahadithia wana wa sultani wa Shirazi waliokuja na majahazi. Kwa miaka mingi wasomi wengi walizichukulia habari hizo kuwa ngano, na wazee wetu waliozisimulia wakaonekana watu wa kujipachika ukoo. Basi mifupa imewatetea. Lakini imewatetea nusu, kwa sababu wazee hao hao, walipokuwa wakihesabu majahazi, waliwasahau wenyeji waliowapokea, na zaidi waliwasahau kina mama. Hao hawakuja na jahazi lolote. Walikuwa hapa.

Yafaa nitaje na yale ambayo makala haikuyasema, maana ndiyo yaliyopotea njiani. Watu 80 si pwani nzima. Hakuna kaburi hata moja la kale la Mombasa katika miji ile, wala la Unguja, wala la Pemba. Wengi wa waliopimwa walizikwa karibu na misikiti, mahali pa watu wenye cheo na mali. Mvuvi na mkulima huenda walikuwa na nasaba nyingine. Wa mwanzo wao alizikwa katika karne ya kumi na tatu, hali Uislamu ulikuwapo hapa kabla yake sana: kule Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alichimba katika miaka ya themanini akakuta misikiti midogo ya miti na udongo chini ya msikiti wa mawe, na wa kale kabisa ni wa karne ya nane. Na waandishi wenyewe wasema kwamba watu wa pwani wa leo wamekwisha changanyika zaidi, na hawalingani na wale wa makaburini. Hakuna mahali waliposema Waswahili ni Waajemi. Hakuna mahali waliposema si Waajemi.

Msomaji huenda akauliza, yote haya yana faida gani mbali na kuwapatanisha wazee wawili? Nitamweleza yaliyompata mpwa wangu mwingine, kijana wa kiume, mwaka ule ule. Alikwenda kutaka kitambulisho katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Akaulizwa baba, akaulizwa babu, akaulizwa baba wa babu, na alipomaliza kuwataja wote, karani akamwambia, "Lakini nyinyi si imesemwa kwenye habari kwamba mlitoka Uajemi?" Akatabasamu, labda kwa mzaha. Kijana aliambiwa arudi na karatasi zaidi, akarudi mara tatu. Sisemi karani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa amepata habari yake kama tulivyoipata sisi: nusu, kwa simu, bila isnadi. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na muhuri mezani.

Kwa hivyo nikaandika kwa Kiswahili muhtasari wa kurasa nane, binti akausahihisha mara mbili (hapo mwanafunzi alikuwa mimi), na Alhamisi moja baada ya Isha nikaupeleka barazani. Nahodha nilimwalika mimi. Mshona kofia nilimtumia mjukuu wake amlete, wala hakuambiwa nani mwingine atakuwapo. Walipoonana kila mmoja akatazama kikombe chake.

Nikasoma polepole. Nilipofika kwenye wanaume wa Uajemi, nahodha akasogeza kofia yake nyuma. Nilipofika kwenye kina mama, mshona kofia akakohoa. Nikaendelea mpaka mwisho, pamoja na yale ambayo makala haikuyasema, kisha nikanyamaza.

Nahodha ndiye aliyeanza. "Basi baba ni wangu na mama ni wako."

"Na mtoto," mshona kofia akamwuliza, "alifundishwa kusema na nani?"

Watu wakacheka, naye nahodha akacheka. Mimi mtunzi wa mashairi, ambaye kila neno ninalolipanga katika mizani ni la lugha hii, sikuwa nimelifikiria hilo mpaka mshona kofia aliposema. Majahazi yalikuja na baba, na watoto wa baba hao wakakua wakizungumza lugha ya nyumbani kwa mama.

Swali lililofuata halikuwa la kuchekesha. Mzee mwingine, asiyependa maneno mengi, aliuliza kwa nini makaburi ya Waislamu yalifukuliwa na nani aliyetoa ruhusa. Nilikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo kuliko yote. Nikamweleza kwamba Kusimba na wenzake waliomba idhini ya wenyeji, na mabaki yakarudishwa ardhini yakazikwa tena. Akatikisa kichwa. Hakusema ameridhika, wala sikumshurutisha. Akasema tu, "Walioruhusu walipelekewa majibu?" Nikamwonyesha zile kurasa nane. Akasema, "Hizi zimetoka kwako."

Alisema kweli, na neno lake limenikaa. Makala kuwa wazi ni hatua kubwa, maana bila hiyo nisingepata la kusoma. Lakini wazi kwa nani? Kwa mwenye Kiingereza, mwenye simu nzuri na mwenye mpwa chuo kikuu. Wapo wanaojaribu zaidi. Kuna African Journals Online, iliyoanzishwa mwaka 1998 na yenye makao yake Afrika Kusini, ambako majarida mengi ya bara letu hupatikana mahali pamoja. Kuna Swahili Forum, jarida linalotoka Ujerumani tangu mwaka 1994, ambalo hukubali makala za Kiswahili na halimtozi msomaji. Nasikia haya kidogo kuona kwamba nimelazimika kutaja Ujerumani hapo. Mombasa hii ndiyo aliyokaa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 ili elimu isibaki kwa wachache. Tarikh yake ya Mazrui, aliyoiandika kwa Kiarabu, ilipigwa chapa Uingereza pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995, miaka 48 baada ya kufa kwake.

Tangu usiku ule zile kurasa nane zimenakiliwa mara nyingi kuliko nijuavyo. Nimeziona Likoni kwa kinyozi, zimepasuka pembe. Mtu mmoja amezitia wino mwekundu mahali alipoona nimekosea, na pawili kati ya patatu amesema kweli, nimekwisha parekebisha.

Nao wazee wamenigeuza msomaji wao. Mara hii walitaka habari ya Panga ya Saidi, lile pango la kule Kilifi, ambako watafiti wa makumbusho yetu ya taifa na wenzao wa ng'ambo walikuta kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu. Habari yake ilitoka katika jarida lile lile la Nature mwezi wa Mei mwaka 2021. Mtoto huyo alizikwa yapata miaka 78,000 iliyopita, na hakuna kaburi la mtu la kale kuliko hilo lililopata kuonekana katika Afrika. Watafiti wakampa jina la Kiswahili, Mtoto. Nikasoma kwamba magoti yake yalikunjwa kifuani, kwamba huenda alifunikwa kwa kitu kama sanda, na kwamba kichwa kilikuwa kimeegemezwa juu ya kitu mfano wa mto, ambacho kilioza zamani.

Barazani pakawa kimya. Mshona kofia alizika mtoto wa umri huo mwaka tuliokuwa vijana, na nahodha ndiye aliyeingia naye kaburini siku ile.

"Amelazwa ubavu gani?" nahodha akauliza.

"Wa kulia," nikasema.

Mshona kofia akaweka kikombe chini. "Soma tena hapo pa mto," akasema, nami nikarudi nyuma ukurasa mmoja.